Tafuta Kwanza Jina la Homa

Ndugu msikilizaji, wiki hii sina habari za Bunge wala za bei ya korosho. Nataka tuzungumze juu ya kutafuta. Si kutafuta fedha, maana huko kila mtu ana njia zake, bali kutafuta maandishi ya waganga na watafiti waliotutangulia, hasa yale yaliyoandikwa juu ya maradhi yetu wenyewe hapa pwani ya kusini. Jambo hili lilinifika mwaka 2024 nyumbani kwetu Pande, wilaya ya Kilwa, nilipokwenda mazikoni nikashindwa kurudi.

Kilichonizuia ni kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa mwezi Mei mvua yake iliikata barabara kuu ya Dar es Salaam eneo la Somanga, mabasi yakalala upande huu na malori upande ule. Nikawa mgeni wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni tabibu katika zahanati huko huko kwetu. Usiku wa pili alirudi amechoka, akavua viatu barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona usiku hivi?"

Akanieleza. Kwa majuma matatu alikuwa akiwapokea watu wenye homa kali inayoanza ghafla, asubuhi mtu mzima, jioni hajiwezi. Viungo vinauma: vifundo vya miguu, viganja, magoti. Wengine wanatokwa na vipele. Bi mmoja, mchuuzi wa samaki, vidole vilimvimba hata hawezi kushika kisu. Kipimo cha malaria kinasema hakuna. "Mjomba, hii si malaria," alisema, "lakini ni nini?"

Alikuwa amekwisha jaribu kutafuta kwenye simu yake. Chuoni waliambiwa kwamba kuna hifadhidata ya bure ya makala za utabibu iitwayo PubMed, nayo ina kumbukumbu zaidi ya milioni 37. Basi aliandika humo sentensi nzima ya Kiingereza, kama mtu anayemsimulia daktari mkubwa: nina wagonjwa wenye homa na maumivu ya viungo katika kijiji cha pwani ya Tanzania, malaria hawana, wana ugonjwa gani? Haikutoka hata makala moja. Akaandika neno moja tu, homa, zikatoka makala malaki. Akaandika jina la kijiji, Pande, na hapo ndipo alipokasirika, kwa sababu zilitoka makala nyingi mno zisizohusu Pande yoyote ya Kilwa. Zilikuwa za madaktari na wanasayansi wa ukoo wa Pande kutoka India, ambako ni jina la kawaida kama Mohamedi lilivyo kwetu.

Nilicheka, lakini sikucheka sana. Kwenye meza ya zahanati alikuwa na kopo la vidonge vya diclofenac, dawa nzuri ya maumivu ya viungo, naye alikusudia kuvigawa kesho yake.

Hapana budi niseme hapa kwamba mimi si mganga. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa karani katika maktaba moja ya utabibu Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba vitabu vizito vya Index Medicus kutoka rafuni hadi mezani. Daktari akitaka kujua yaliyoandikwa juu ya matende, anafungua kitabu cha mwaka mmoja, anatafuta neno, ananakili mistari michache, kisha anafungua cha mwaka mwingine. Akitoka hapo ana orodha ya makala ishirini, na majarida yenyewe kumi na sita hatuna, maana fedha za kigeni zilikuwa adimu na kulipia majarida ya Ulaya lilikuwa jambo la mwisho katika orodha ya mahitaji. Nilijifunza mengi kwa kuwatazama. Waliofanikiwa hawakuwa wenye vyeo. Walikuwa wale waliokaa kwanza na karatasi, wakaandika majina yote ya ugonjwa wanayoyajua, ndipo wakafungua kitabu.

Vitabu hivyo vilikuwa na historia yake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, daktari mmoja wa jeshi, John Shaw Billings, alikabidhiwa maktaba ndogo ya mganga mkuu wa jeshi mjini Washington. Akaamua kukusanya kila kilichochapishwa na kukipangia orodha kwa mada. Index Medicus ilianza mwaka 1879. Kuchapisha orodha kwa mikono kukawashinda warithi wake, kwa wingi wa makala, na mwaka 1964 kazi ikaingizwa kwenye kompyuta kubwa. Mwaka 1971 ikaanza Medline, ambayo mtu aliweza kuiuliza kwa waya wa simu akiwa mbali. Kwetu tuliiona kwanza katika sahani za CD-ROM miaka ya 1990. Juni 1997 PubMed ikafunguliwa bure kwa kila mtu duniani mwenye intaneti, na mwishoni mwa mwaka 2004 vitabu vya Index Medicus vikakoma kuchapishwa. Hivyo mpwa wangu, aliyekaa barazani Pande na simu yenye kioo kilichopasuka, alikuwa na maktaba kubwa kuliko ile niliyokuwa nikiibebea vitabu. Alichokosa ni ile karatasi ya majina.

Maana mashine ile, msikilizaji, haiujui ugonjwa. Inayajua maneno. Ukiipa maneno kumi na mawili, inatafuta makala yenye maneno yote kumi na mawili, na makala ya namna hiyo pengine haijaandikwa tangu dunia iumbwe. Ukiipa neno moja pana, inakumwagia bahari. Basi nikamwambia atoe daftari, tukakaa chini ya taa. Nikamwambia aandike mambo mawili tu anayoyatafuta: ugonjwa upande wa kushoto, mahali upande wa kulia. Halafu chini ya kila moja aweke majina yote.

Upande wa mahali ulikuwa mwepesi, ingawa una mitego. Tanzania ni jina la mwaka 1964. Aliyeandika kabla ya hapo aliandika Tanganyika au Zanzibar, na wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliandika Afrika Mashariki ya Kijerumani, tena mara nyingi kwa Kijerumani. Mikoa ya Lindi na Mtwara na Ruvuma ilikuwa Jimbo la Kusini. Ukiandika Kilwa, kumbuka kuna Kilwa nyingine Kongo, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Ukiandika Lindi, utaletewa sokwe, kwani karibu na Kisangani, siku hizo ikiitwa Stanleyville, palikuwa na kambi ya Lindi ambapo sokwe walitumiwa katika utafiti wa chanjo ya polio miaka ya 1950.

Upande wa ugonjwa ndio uliotukesha. Mpwa wangu aliandika dengue, kwa sababu Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mimi nikamwambia aandike kidingapopo. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ndilo neno la bibi yangu, marehemu, kwa homa yoyote inayomvunja mtu viungo. Kamusi zetu pia zinalo, na zinasema ni hiyo hiyo dengue. Akaniangalia kama kijana anavyomwangalia mzee anayependekeza majani ya mwarobaini.

Tukaandika kidinga. Zikatoka makala chache za kuhesabika kwa vidole, na mojawapo ni ya mwaka 1872. Mwandishi wake alikuwa James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu Unguja zama za Sultani, yule yule aliyetoa kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki mwaka 1876. Katika jarida la utabibu la Uingereza alieleza homa iliyoenea Unguja kuanzia Julai 1870 hadi Januari 1871, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Iliingia nyumba hadi nyumba, ikawaangusha watu ghafla kwa maumivu ya viungo. Wazee wa mjini hawakuishangaa. Walimweleza kwamba walikwisha kuiona walipokuwa vijana, na hesabu ya miaka inarudi hadi kama mwaka 1823. Majarida ya zamani kama hilo yamepigwa picha na kuwekwa bure katika hazina iliyounganishwa na PubMed, kwa hiyo tuliyasoma maneno ya Christie pale pale. Kitabu chake cha kipindupindu hatukukikuta, na hatukupaswa kukitarajia, kwani ile ni hazina ya makala za majarida, wala si ya vitabu.

Hapa sasa kuna jambo ambalo kila nikilifikiri huniacha kinywa wazi. Mwaka 1827 na 1828 homa ya namna hiyo ilizuka katika visiwa vya Karibi, na huko ndiko jina dengue lilikoshika. Wapo wataalamu wanaodhani jina hilo limetokana na kidinga yetu, likavuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Wengine wanabisha, na mabishano hayajakwisha. Lakini mwaka 1971 mtafiti aitwaye Donald Carey alichapisha makala akidai kwamba ugonjwa wa Unguja wa 1823 na wa 1870, na hata huo wa Karibi, haukuwa dengue ya leo hata kidogo. Maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu yalimwonyesha kwamba ulikuwa ugonjwa mwingine, chikungunya. Jina lilihama kutoka homa moja likaganda kwenye homa nyingine. Ikiwa Carey alisema kweli, basi kidingapopo ya bibi yangu na dengue ya hospitali ni majina ya damu moja yaliyopewa maradhi mawili, na kamusi zetu zimefuata jina zikaacha ugonjwa.

Mpwa wangu akaacha kuniangalia vile. Akaandika chikungunya.

Jina hilo, msikilizaji, lina maskani yake karibu na kwetu. Mwaka 1952 homa ya kuvunja viungo ilizuka uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, ikaendelea hadi 1953. Uwanda ule hauna mito. Watu waliteka maji mbali, bondeni, wakayahifadhi ndani ya nyumba katika mitungi, na humo mbu aitwaye Aedes aegypti alizaliana bila bughudha. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu, na Wamakonde wakauita ugonjwa chikungunya, yaani kile kinachokunja. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, W.H.R. Lumsden akaeleza ulivyoenea, na R.W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, akakitenga kirusi chenyewe. Makala za Robinson na Lumsden zilitoka mwaka 1955, ya Ross mwaka 1956.

Sasa sikiliza kisa cha ajabu. Andika neno chikungunya katika PubMed, na uiambie mashine itafute katika vichwa vya makala peke yake. Utapata maelfu, nyingi zikiwa za baada ya mwaka 2005. Lakini hutazipata za Robinson, Lumsden na Ross. Makala zilizolileta jina hilo duniani hazina jina hilo katika vichwa vyake! Mbili za kwanza zinajiita mlipuko wa ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini, Tanganyika, 1952-53, na ya Ross inajiita mlipuko wa Newala. Wakati ule jina lilikuwa bado la wanakijiji. Halijapata cheo cha kuwekwa juu. Anayetaka kuzipata lazima ajue kuandika Newala, au Tanganyika pamoja na virusi. Ni hapo nilipoona faida ya kuzaliwa kusini, kwani faida nyingine si nyingi.

Na kwa kuwa watu wengi hawakuzifikia makala hizo, waliandika kwa kunakiliana. Fungua makala mbalimbali za nje juu ya ugonjwa huu, hukosi kusoma kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si kweli. Ni Kimakonde, na Robinson mwenyewe hakuwa na shaka. Wapo wataalamu walioandika masahihisho, lakini kosa lililonakiliwa mara mia halifutwi na barua moja. Utasema, neno tu hilo, lina madhara gani? Nami nakuuliza: ikiwa hawakufungua makala ya kwanza hata kwa ajili ya jina, walifungua kwa ajili ya yale mengine?

Maana yale mengine yalihitajika. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame. Watu walihifadhi maji majumbani katika vyombo visivyofunikwa, na watafiti waliouchunguza mlipuko ule wakauhusisha na hali hiyo. Ni yale yale ya mitungi ya Newala, nusu karne baadaye. Kutoka pwani yetu ugonjwa ukavuka hadi Komoro, ukaingia Réunion mwaka 2005 na 2006 na kuwapata watu zaidi ya 260,000, theluthi ya kisiwa kizima, kisha ukaifikia India. Ulipomgusa Mfaransa, makala zikaanza kumiminika. Ndiyo sababu mtu wa Kilwa akitafuta leo anaoneshwa kwanza Réunion na Brazil, na Newala iko chini kabisa ya lundo.

Nirudi barazani. Kwa sasa daftari lilikuwa na majina manne upande wa kushoto: chikungunya, dengue, o'nyong-nyong na leptospirosis. La tatu ni neno la Kiacholi, la homa iliyozuka Uganda mwaka 1959 na kuwapata watu milioni mbili hivi. Ni ndugu wa karibu wa chikungunya, na jina lake ni adhabu kwa mtafutaji, maana mmoja analiandika kwa kistari, mwingine bila kistari, mwingine anaondoa ile alama ya ng'ombe, nawe huna budi kuyaandika yote. La nne nililiongeza mimi kwa sababu ya Ruangwa.

Wasikilizaji wa Lindi hawajasahau. Julai 2022 wilayani Ruangwa watu waliugua homa, wakatokwa na damu puani, wakaanguka. Waliripotiwa wagonjwa 20, watatu wakafa. Walipimwa Ebola, Marburg na UVIKO-19, hawakukutwa nayo, na magazeti yakaandika "ugonjwa wa ajabu". Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospirosis, homa ya mgunda, itokanayo na bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Ajabu yake ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Kaskazini, Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, John Crump na wenzake waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wamewaandikia 528 kwamba wana malaria. Maabara ikaikuta malaria kwa 14 tu. Leptospirosis ilikuwa kwa 40, na chikungunya kwa 55. Kati ya hao hamsini na watano na wale arobaini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshukiwa maradhi hayo alipolazwa! Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na kila mtu anaweza kuyasoma bure. Lakini kichwa cha makala hiyo kinataja homa kali isiyo malaria kaskazini mwa Tanzania. Neno chikungunya wala leptospirosis halimo humo. Ukitafuta kwa kichwa, imekupita.

Hivyo nilimwonyesha mpwa wangu mambo matatu niliyojifunza kwa kuwabebea madaktari vitabu. La kwanza ni yale maneno mawili ya Kiingereza, AND na OR. OR ni bawabu mpole: mgeni akiwa na cheti chochote kati ya vile unavyovitaja, apite. AND ni bawabu mkali: awe na hiki na kile, ama arudi. Majina ya ugonjwa yanaunganishwa kwa OR ndani ya mabano yake, majina ya mahali vivyo hivyo ndani ya mabano yake, na katikati ya mabano mawili inawekwa AND. Lipo na la tatu, NOT, la kufukuza. Nilimkataza kulitumia. Akifukuza malaria, atakuwa amefukuza kila makala inayosema "wagonjwa hawa hawakuwa na malaria", na hizo ndizo alizozitaka.

La pili ni majina rasmi. Tangu mwaka 1960 maktaba ile ya Marekani ina orodha ya majina yake rasmi, na kila makala inayoingia Medline hubandikwa yanayoihusu, hata kama mwandishi alitumia jina jingine kabisa. Kwa miaka mingi walikuwa watu wanaosoma na kubandika. Kuanzia mwaka 2022 kazi hiyo imekabidhiwa mashine. Ukitafuta kwa jina rasmi unawapata waliosema jambo hilo kwa maneno tofauti. Lakini zimo makala nyingi zisizo na vibandiko, kwa hiyo mtu mwenye busara hutafuta kwa njia zote mbili, jina rasmi na maneno ya kawaida, na OR katikati.

La tatu halimo katika mashine. Ukishapata makala moja nzuri, acha kutafuta. Isome. Tazama maneno iliyoyatumia, uyarudishe kwenye daftari. Tazama ilimtaja nani, umfuate. Na nani aliitaja baadaye, umfuate na huyo. Hivyo ndivyo tulivyotoka kwa Carey hadi kwa Christie, na kutoka Lamu hadi kwa Lumsden. Wale madaktari wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kwa kalamu, na mimi nikinung'unika moyoni kwamba wananirudisha rafuni mara ya nne.

Tuliandika mabano yetu mawili. Zilitoka makala za kutosha, wala si bahari. Tukasoma hadi jogoo wa kwanza. Na humo ndimo mpwa wangu alipokutana na onyo ambalo alikuwa amelisikia chuoni akalisahau: mgonjwa mwenye homa na maumivu ya viungo asipewe diclofenac, wala aspirini, mpaka ihakikishwe kwamba hana dengue, kwa kuwa dengue inaweza kumfanya mtu avuje damu, na dawa hizo huongeza hatari. Apewe paracetamol na maji ya kunywa. Kwa homa ya mgunda ni habari nyingine. Yule anahitaji antibayotiki, na mapema. Homa tatu zinazobisha hodi kwa sauti moja, na kila moja ina mlango wake. Akanyamaza kidogo. Halafu akatoka nje na tochi. Nilidhani amekwenda haja. Kumbe amekwenda kutazama pipa la maji nyuma ya nyumba yake mwenyewe, na vifuu vya nazi vilivyojaa mvua kando yake. Alirudi na maji kidogo katika bilauri, akayainua kwenye taa. Vijidudu vilikuwa vikicheza kichwa chini, miguu juu.

Asubuhi lile kopo la diclofenac lilirudi kabatini. Akapeleka taarifa wilayani kwa njia ya kawaida, akaomba sampuli zichukuliwe, ingawa barabara ilikuwa imefungwa. Alizunguka na mwenyekiti wa kitongoji wakimwaga maji ya vifuu na matairi na kuwahimiza watu kufunika mapipa. Sitakuambia kwamba ilikuwa chikungunya, kwa sababu kipimo chake hakikuwepo zahanati na wagonjwa walipona kabla sampuli hazijapata usafiri. Yule bi mchuuzi homa ilimwacha baada ya siku chache, vidole havikumwacha. Nilipoondoka bado alikuwa akimpa mwanawe kisu amkatie samaki.

Lipo jambo lililoniudhi, nami nitalisema. Makala ya Ross tuliipata bure, nzima, na picha zake. Nyingine kadhaa tulizozihitaji zilitaka kulipiwa kwa dola, kwa kadi, kiasi ambacho tabibu wa kijijini hawezi kukitoa kwa makala moja. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya kulipia bure au kwa ada ndogo. Ni mpango mzuri. Lakini mlango wake ni wa taasisi, wenye nywila yake, na nywila hukaa chuoni au hospitali kubwa, ilhali mgonjwa wa kwanza wa mlipuko wowote hufika zahanati. Damu ya Newala ilichukuliwa bila malipo.

Tarehe 12 Mei, nikiwa bado huko huko, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima ikawa inasuasua. Mjini watu walilalamika kwamba picha na sinema hazifunguki. Kurasa za PubMed ni maandishi matupu, hazina uzito, kwa hiyo ziliendelea kufunguka, ila kwa kujivuta kama punda wa chokaa. Usiku huo tulikuwa tumeanza tena makala ya Ross, mpwa wangu akinisomea kwa sauti na kunifasiria, na wazee wawili wa jirani wamekuja kusikiliza. Alipofika walipomtoa kirusi katika damu ya mgonjwa wa Newala, mzee mmoja akauliza kama jina la mgonjwa limeandikwa. Akatafuta, halikuandikwa. Mzee akasema huenda anamjua, kwani miaka ile alikuwa kibarua huko. Mpwa wangu akachukua daftari na kalamu, akamwuliza ugonjwa ule wao waliuitaje. Hapo bando likakatika, na duka lilikuwa limefungwa hadi alfajiri, basi tukakaa kumsikiliza mzee.